Kufaili ritani ya VAT mtandaoni bila kulia tarehe 20: mwongozo wa mwenye duka, Mbeya

Ikifika tarehe 18 au 19 ya mwezi, siku moja mbili kabla ya mwisho wa kufaili, pita pale Kabwe au Mwanjelwa kwenye stationery zenye kompyuta. Utakuta wenye maduka wamekaa kwenye mabenchi wamepakata maboksi ya viatu yamejaa risiti, wote wanamsubiri kijana wa kompyuta, na kijana mwenyewe ana ritani za VAT (taarifa za kila mwezi za kodi ya ongezeko la thamani) za watu kumi na mbili halafu umeme umekatika. Lawama zote zinaenda kwa mtandao, eti unatuonea, bora enzi zile unajaza fomu yako ya karatasi unaipeleka kaunta unagongewa mhuri unaenda zako kunywa chai. Na mimi nililalamika sana tu. Ila nafaili mwenyewe miaka kadhaa sasa, duka la vifaa vya ujenzi na pembejeo, na nilichokuja kugundua ni kwamba tarehe 20 haina kazi yoyote, ukiona una kazi tarehe 20 ujue kuna kitu hukukifanya tarehe 3.

Mwongozo huu ni kwa mwenye duka asiye na mhasibu wa kudumu. Kampuni kubwa wana watu wao.

Hivi kweli unatakiwa kuwa kwenye VAT?

Anza na hili kwa sababu kuna watu wanateseka bure. Kiwango cha lazima cha kusajiliwa VAT kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa miezi 12, na kuanzia Julai 2023 kikapandishwa mpaka milioni 200. Wapo wengi walioingia enzi ya milioni 100, biashara ikapungua, na mpaka leo wanafaili kila mwezi na mauzo yao hayafiki hata milioni 120. Kama ndo wewe, nenda ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) uulizie utaratibu wa kuomba kufutiwa usajili wa VAT. Unaandika maombi, hujitoi mwenyewe kwa kuacha kufaili! Kuna dada wa Kyela aliona biashara imelala akaacha tu, miezi ikapita, akaja kukuta adhabu zimerundikana kwenye akaunti wakati hakuwa ameuza hata msumari.

Maana hili watu hawalielewi: ukiwa umesajiliwa, hata mwezi ambao hujauza kitu unafaili, unajaza sifuri unatuma. Ukichelewa, adhabu inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na ina kiwango cha chini ambacho unapigwa hata kama kodi yenyewe ni sifuri, tena kiwango hicho kwa kampuni ni mara tatu ya mtu binafsi. Hapo bado riba kwa yule mwenye deni.

Akaunti iwe yako, siyo ya kijana wa stationery

Hapa mimi nililia. Mwanzoni kabisa nilimpa kijana mmoja anifungulie akaunti kwenye potali ya TRA mtandaoni, nikamlipa elfu kumi, akanifungulia vizuri tu, ila namba ya simu aliyoweka ni yake na imeili ni yake. Miezi minne mambo safi, namtumia risiti anafaili. Mwezi wa tano kahamia Tunduma, laini kabadilisha, na ile namba ya siri ya kuingilia inayotumwa kwa simu ikawa inaenda kwenye laini ambayo haipo hewani. Ilikuwa tarehe 19 jioni, kesho yake siku ya mwisho, niko na TIN yangu (namba ya mlipakodi) mkononi na siwezi kuingia kwenye akaunti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii, usisubiri. Ingia kwenye akaunti yako angalia namba ya simu na imeili zilizosajiliwa ni za nani. Kama siyo zako nenda ofisi ya TRA ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA na cheti cha TIN, ukabadilishe. Tumia laini ambayo huna mpango wa kuitupa, siyo ile ya bando za usiku. Imeili fungua ya biashara peke yake na pasiwedi yake iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ukitaka mtu akusaidie kufaili ni sawa, akae na wewe hapo hapo, namba ya siri iingie kwenye simu yako na wewe ndo umsomee. Usimwachie pasiwedi yako kwenye kompyuta ya watu, kila mteja anayekuja pale anakaa kwenye kiti hicho hicho.

Mauzo: dakika tatu kila jioni

Kila siku ukifunga duka unatoa Z ripoti (jumla ya mauzo ya siku) kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki. Hilo wengi wanafanya. Wasilofanya ni kuiandika mahali. Nunua daftari la kaunta au kama unaweza eksel tumia eksel, andika tarehe, namba ya Z, mauzo yenye VAT, mauzo yasiyo na VAT, na VAT yenyewe. Dakika tatu. Halafu ipige picha kwa sababu karatasi ya mashine inafifia, ukiiweka dirishani wiki mbili jua la Mbeya linaifuta yote unabaki na karatasi nyeupe.

Kwa nini nasisitiza Z? Kwa sababu kila risiti unayotoa taarifa zake zinaenda TRA kupitia mashine. Namba unayojaza kwenye ritani siyo habari mpya kwao. Ukijaza mauzo milioni 22 na mashine yako imetuma milioni 23 na nusu, utaulizwa hiyo milioni moja na nusu iko wapi na jibu lako eti nilisahau Z ya tarehe 14 nilikuwa msibani Tukuyu halitoshi.

Kosa lingine la mauzo ni hesabu. VAT ya kiwango cha kawaida ni asilimia 18 ya bei kabla ya VAT, siyo ya bei aliyolipa mteja. Mteja amelipa 590,000 yenye VAT ndani, unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118 unapata 90,000. Kuna jirani yangu wa duka la rangi alikuwa anachukua 18 kwa mia ya ile 590,000 anapata 106,200, kwa hiyo kila hapo anajikata 16,200 ya bure, na amefanya hivyo zaidi ya mwaka kabla hajaonyeshwa. Na wapo wanaokosea upande wa pili, hao hawalalamiki mpaka siku wakikaguliwa.

Risiti ikishatoka imetoka. Mteja akirudisha mabati usijifanye kuichana ile risiti, mashine inakumbuka. Unaandaa kredit noti (hati ya kupunguza mauzo) inayotaja namba ya risiti ya kwanza, unaitunza na unaijaza kwenye ritani ya mwezi husika. Na mashine ikiharibika toa taarifa siku hiyo hiyo kwa aliyekuuzia na TRA, kwa maandishi, usiendelee kuuza kimya kimya.

Manunuzi: hapa ndo pesa yako inapopotelea

VAT uliyolipa kwa supplaya unaitoa kwenye VAT uliyokusanya kwa wateja, unalipa tofauti. Rahisi kusema. Ila ili uruhusiwe kuitoa risiti lazima iwe ya EFD, iwe na VAT imeandikwa, na iwe na jina lako na TIN yako na VRN (namba ya usajili wa VAT). Yako. Siyo ya dereva wala ya shemeji yako aliyekwenda kuchukua mzigo.

Mwaka mmoja niliagiza bati kwa muuzaji wa jumla Dar, shilingi 4,720,000, VAT ndani yake 720,000. Mzigo ukaja na lori usiku, nikahesabu bati zote zipo, nikafurahi, risiti nikaitupia kwenye boksi. Tarehe 19 naitoa kwenye boksi naona TIN siyo yangu, wameniandikia ya mteja mwingine aliyepakia mzigo kwenye lori hilo hilo. Nikapiga simu, mara njoo kesho, mara mhusika yuko likizo. Mwezi huo nililipa ile laki saba na ishirini kutoka mfukoni. Kuja kurekebishwa ilishachukua miezi, na hapo nilikuwa nahesabu vidole kwa sababu una miezi sita tu toka tarehe ya risiti, ikipita hiyo haki ya kuidai imekufa.

Tangu siku ile mzigo haushuki mpaka nione risiti. Nimeandika TIN na VRN yangu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha kadibodi, nimeipiga picha, na kila ninapoagiza naituma WhatsApp kwanza kabla ya hela. Risiti ikija naangalia vitu vinne, jina, TIN, tarehe, kiasi cha VAT, halafu naihakiki palepale kwenye verify.tra.go.tz kwa ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti au unapiga picha ile alama ya mraba. Ikikataa simwachii dereva aondoke kabla sijampigia muuzaji. Madereva wananichukia ila ndo hivyo.

Halafu kuna risiti ambazo watu wanazibeba kwenye boksi kwa matumaini na hazina kitu ndani. Dizeli na petroli hazina VAT, kwa hiyo yale marisiti ya sheli ya kwenda Makambako na kurudi hayakusaidii kwenye VAT hata yawe mia (yatunze kwa ajili ya kodi ya mapato). Risiti ya EFD ya fundi au duka ambalo halijasajiliwa VAT, nayo haina VAT ya kudai. Chakula na vinywaji vya kukirimu wageni, sheria hairuhusu kudai VAT yake. Spea za gari ya abiria pia, Noah yako unayoendea kazini siyo sawa na Canter inayobeba saruji, ya Canter unadai ya Noah hudai.

Kama unauza na mbolea

Sehemu hii ni ya kwetu hasa, maana duka la Mbalizi au Uyole au Njombe ambalo haliuzi saruji na mbolea kwa pamoja ni nadra. Mbolea, mbegu na viuatilifu kwa kawaida vimesamehewa VAT. Kusamehewa maana yake mteja humtozi na wewe pia VAT uliyoingia gharama kwa ajili ya bidhaa hizo hudai. Watu wanaichanganya na ile ya asilimia sifuri, ambayo hasa ni ya mzigo unaokwenda nje ya nchi, hiyo humtozi mteja lakini ya kwako unadai. Ni safu mbili tofauti kwenye ritani, ukijaza mbolea kwenye safu ya sifuri umejitengenezea maswali.

Kwa hiyo VAT ya bati na saruji uliyonunua ili uuze, unadai. Gharama za pamoja kama mlinzi wa kampuni, mtandao, matengenezo ya stoo, unagawa kwa uwiano wa mauzo. Chukua mfano mwezi umeuza vifaa milioni 20 bila kuhesabu VAT na pembejeo milioni 30, jumla 50, basi vifaa ni asilimia 40. Kama VAT ya gharama za pamoja ilikuwa 150,000 unadai 60,000. Uwiano unapiga upya kila mwezi, na kwa huku kwetu unacheza sana. Novemba mpaka Januari mbolea inatembea hakuna mtu anajenga kwenye tope, sehemu yako ya kudai inakuwa ndogo. Juni mpaka Oktoba ni kiangazi watu wanajenga, inapanda. Usikopi ya mwezi uliopita.

Mashine yako pia hakikisha imepangwa vizuri, mbolea iko kwenye kundi la msamaha na saruji kwenye 18. Nimeona duka msaidizi kabonyeza mbolea kwenye 18 msimu mzima.

Na wale wanaouzia Wazambia na Wamalawi: mteja akija dukani kwako Mbeya akalipa akapakia kwenye gari lake akaondoka, hayo ni mauzo ya kawaida ya asilimia 18, haijalishi ana lafudhi gani. Ili iwe sifuri inabidi uwe na nyaraka za forodha zinazoonyesha mzigo ulivuka pale Tunduma au Kasumulu, kwa jina lako. Maneno ya "mteja alikuwa Mzambia kabisa" hayajazwi popote.

Kukaa chini na kufaili

Mimi nafaili kati ya tarehe 5 na 8. Ritani na malipo vyote mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ikiangukia jumamosi, jumapili au sikukuu inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Hiyo siku ya kusogezewa isahau kabisa kwenye mipango yako, nchi nzima wako mlemle ndani wakati huo na mfumo wowote ukizidiwa unakuwa mzito.

Nafanya saa kumi na moja alfajiri kabla sijafungua duka. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba unaijua, vaa soksi. Laptopu imejaa chaji, bando lipo, na bando la laini ya mtandao mwingine lipo kwenye simu kwa sababu mnara mmoja ukizimika pamoja na umeme unashika mwingine. Daftari la Z liko mezani, jumla imeshapigwa. Risiti za manunuzi zimepangwa kwa tarehe na zimeshaingizwa kwenye eksel siku zilipokuja: TIN ya muuzaji, VRN, namba ya risiti, tarehe, kiasi bila VAT, VAT. Hapo kazi iliyobaki ni kuhamisha tu.

Unaingia kwa TIN na pasiwedi, namba ya siri inakuja kwenye simu, unachagua ritani ya VAT, unachagua mwezi. MWEZI! Soma mara mbili, unafaili Juni ukiwa Julai, watu wanachagua Julai. Unajaza mauzo, kila aina kwenye safu yake, unajaza manunuzi, unaangalia salio la mwezi uliopita kama ulikuwa nalo limekuja. Tarehe kwenye eksel zikiwa zimeandikwa kwa mitindo tofauti, moja nukta moja mshazari, mara nyingi ndo chanzo cha faili kukataliwa, pia nafasi zilizojificha mbele ya TIN. Kabla sijalaumu mfumo naangalia hivyo viwili kwanza na mara nyingi ni hivyo. Hifadhi kila baada ya hatua kama kuna sehemu ya kuhifadhi.

Kabla ya kutuma simama. Kanywe chai urudi. Linganisha namba tatu tu: jumla ya mauzo na jumla ya Z, VAT ya manunuzi na jumla ya eksel, na kodi ya kulipa iwe inaendana na biashara ya mwezi huo. Kama mwezi ulikuwa mbaya na kodi imekuja kubwa ajabu umeruka risiti mahali. Ukishatuma ukagundua kosa usilifiche kwa kuongeza au kupunguza kimya kimya mwezi unaofuata, omba kurekebisha ritani ile ile.

Kulipa

Ukishatuma unatengeneza kontrol namba. Hiyo unalipa benki, kwa wakala au kwa simu. Kwa simu angalia kikomo cha laini yako kwa siku, usije ukafika milioni tano ukaambiwa umefika mwisho wakati benki imeshafungwa. Soma jina linalotokea kabla hujabonyeza, ni la kwako? Kiasi ni kile kile? Kufaili bila kulipa ni nusu ya safari, na kulipa bila kufaili nako ni hivyo hivyo, kuna mzee wa Rujewa alilipa kila mwezi kwa uaminifu kabisa na ritani hatumi, alishangaa sana kukuta ana adhabu.

Kama VAT ya manunuzi imezidi VAT ya mauzo huna cha kulipa, salio linabebwa kwenda mwezi unaofuata. Likiendelea kubebwa miezi sita mfululizo ndo unaweza kuomba urejeshewe, na hapo jiandae kukaguliwa risiti moja moja.

Mfumo ukigoma kabisa

Inatokea. Cha kufanya siyo kubonyeza tuma mara ishirini. Piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, tarehe na saa zionekane. Jaribu kivinjari kingine, jaribu simu, jaribu usiku saa nne. Piga namba za bure za TRA, 0800 750 075 au 0800 780 078, andika ulipiga saa ngapi na ukaambiwa nini. Kama siku ya mwisho inaisha, andika imeili au barua kwa meneja wa mkoa au wilaya yako ukiambatanisha zile picha, siku hiyo hiyo, siyo wiki ijayo. Baadaye adhabu ikitokea unaomba isamehewe na una ushahidi kwamba ulihangaika. Bila picha ni maneno yako tu, na mlalamikaji wa tarehe 20 saa tano usiku hana anayemhurumia. Na ukiletewa tathmini (hesabu ya kodi waliyokupigia TRA) usiyokubaliana nayo una siku 30 za kupinga kwa maandishi, hesabu toka siku uliyoipata siyo siku uliyoifungua.

Baada ya hapo printi uthibitisho wa ritani na wa malipo, bana pamoja na Z za mwezi huo, weka kwenye faili. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka mitano, na picha zake ziweke pia mtandaoni au kwenye flashi inayokaa nyumbani. Sisi tuliokuwepo soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 hatuhitaji kuelezwa kwa nini usiache makaratasi yote dukani. Kisha fungua foda mpya kwenye simu, iandike jina la mwezi huu, na ile risiti ya saruji ya asubuhi iliyoko mfukoni mwa suruali ianze kuingia humo.